Mwaka Niliokuwa Mke wa Shetani

"Gakii, mumeo amefariki."

Hamisi aliyasema hayo akiwa amesimama mbele ya kibanda changu cha kushonea, karibu na soko la Gakoromone, kofia yake mkononi. Nilikuwa nimemwacha Njue nyumbani saa moja tu iliyopita akinywa chai na kulilalamikia goti lake, kwa hiyo cherehani ikashona yenyewe hadi nje ya kola kabla sijakumbuka kuondoa mguu. Hamisi alipouona uso wangu ndipo alipoelewa alichosema. "Si Njue, mama. Njue mzima. Nasema yule wa video. Mwalimu Ireri." Akaketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, mzee wa miaka zaidi ya sabini sasa, ndevu nyeupe zenye hina. Zamani alizoea kuniita mke wa Ireri kwa mzaha, kisha mzaha ule ukafa, na kwa miaka mingi tulipokutana hapa mjini Meru tulijuliana hali na kuulizana habari za biashara kama watu waliowahi kupishana tu njiani. Siku ile mzaha ule ulimtoka tena. Alisema mazishi yangekuwa Kianjokoma, Ijumaa. Alisema yeye hataweza kwenda kwa sababu ya macho. Kisha akauliza, "Utaenda?" nami nikachukua kiwembe nikaanza kufumua ile kola.

Mwaka wa video ile nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa Karurumo, upande wa Runyenjes, ambako nilikuwa nimepata kazi ya kushona sare za shule katika duka moja. Chumba changu kilikuwa cha nne katika ploti ya mbao, safu ya vyumba vya kupanga nyuma ya maduka. Kilikuwa na kitanda, meza ya kukatia vitambaa, jiko la makaa, na kamba ya kuning'inizia kazi iliyokwisha, hata nikawa nalala chini ya safu ya sketi za kijani. Chumba cha tano alikaa Mwalimu Ireri na mkewe Wawira. Ukuta baina yetu ulikuwa wa mbao zilizobandikwa magazeti, na nilisikia hata kijiko kikikoroga sukari kwenye kikombe chao. Tulisikiana kila kitu na tukajifanya hatusikiani. Ndiyo adabu ya ploti. Jioni Wawira alinigongea ukuta kwa mwiko, maana yake chakula ni kingi, lete sahani. Alikuwa hodari wa kuponda mukimo wa nduma na mboga za maboga, na nikiwa nakula nilimsikiliza mumewe akituigizia siku yake: mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo usoni mwake, mkaguzi wa shule akijaribu kuvuka tope bila kuchafua viatu. Ireri alikuwa mtu mfupi, mpole, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, na alikuwa na kipawa cha kuchekesha bila yeye mwenyewe kutikisa hata nyusi. Walikuwa na miaka sita ya ndoa na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Hilo pia nililijua kupitia ukutani.

Hamisi alikuwa msafirishaji. Lori lake lilipeleka mizigo kutoka Meru hadi Embu, na lilisimama Karurumo ili yeye na turniboi wake wanywe chai. Alikuwa amenunua kamera ya video kwa ajili ya harusi za jamaa zake huko Majengo, kisha harusi zikawa chache, kamera ikakaa. Siku moja alimkuta Ireri hotelini akimwigiza chifu akihutubia mvua inyeshe. Hamisi alicheka hadi akamwaga chai. "Mwalimu," akasema, "hii uso yako inalala bure." Ndani ya wiki mbili walikuwa na hadithi. Ireri aliiandika kwenye daftari la mazoezi, na alitusomea mimi na Wawira jikoni huku sufuria ya githeri ikichemka hadi ikaungua.

Ilikuwa hivi. Shetani amechoka na kazi ya kuzimu. Mkewe anamsema kila siku kwamba wenzake wanaendelea naye amebaki pale pale. Basi wanahamia Karurumo, yeye na mke na binti yao mmoja, wapate watu wapya wa kuwapoteza. Lakini kila Shetani anapojaribu, anakuta wameshatangulia. Anaenda kwenye kamati ya maji kuwagombanisha, anakuta wanagombana tayari, na kwa kuwa yeye peke yake amekaa kimya wanamchagua katibu. Mkewe anajiunga na chama cha akina mama, anarudi jioni akiwa na siri za kila nyumba na kusema, "Kumbe kwetu tulikuwa tumelala!" Binti anapelekwa shule, anakuwa nambari thelathini na nane, na Shetani analia machozi ya kweli juu ya karatasi ya matokeo. Mwisho wanafunga virago. Shetani anamshika binti mkono na kumwambia, "Binti yangu, twende nyumbani. Huku kuna wenyewe." Nimewahi kujiuliza mara nyingi kama ilikuwa na ubaya wowote hadithi ile, na jibu langu ni lile lile. Ilikuwa ya kweli kupita kiasi kidogo, basi. Mwenyekiti halisi wa kamati ya maji alikuwa Mzee Gicovi, mzee wa kanisa, na hakuna mtu Karurumo ambaye angeshindwa kumtambua katika mwenyekiti wa hadithi.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kumwogopa Mzee Gicovi. Mwanawe Njue, karani kwenye kiwanda cha kahawa, alikuwa ameanza kunijia dukani na suruali zisizohitaji kurekebishwa. Kwa hiyo nilipokubali kuwa mke wa Shetani niliweka masharti: uso wangu upakwe majivu na rangi usitambulike, nivae nywele za katani, na jina langu lisiandikwe kwenye kaseti. "Bibi ya Shetani hana jina," Ireri akasema. "Ni sawa. Hata kwa Biblia sijamwona." Pembe tulizipata buchani, za mbuzi, na zilinuka wiki nzima hata baada ya kulowekwa kwenye magadi. Mkia niliushona kwa blanketi kuukuu nikaujaza pamba.

Mtoto wa kuigiza binti tulimkosa mwanzoni. Kisha mtoto mmoja wa darasa la Ireri, jina lake Karimi, wa miaka kumi, akasikia na kuja kusimama mlangoni pa chumba cha Mwalimu siku tatu mfululizo. Alikuwa mwembamba, mwenye pengo la meno mbele, na alikuwa ameshaweza kutembea kama Shetani kabla hajaonyeshwa. Mama yake aliuza mboga kando ya barabara na alikuwa mjane. Ireri aliniambia, "Gakii, wewe ni mwanamke. Nenda umweleze mamake vizuri, umwambie ni hadithi gani. Akikataa, tutaacha." Nilisema nitaenda, lakini nilikuwa na sketi arobaini za kumaliza kabla ya shule kufunguliwa. Pia niliogopa kwamba angekataa. Kwa hiyo sikwenda. Nilirarua ukurasa kwenye kitabu changu cha vipimo nikaandika kwamba Karimi anahitajika kwa mchezo wa shule, Jumamosi tatu, na atarudishwa kabla ya giza. Chini nikaandika: Mwalimu wa darasa. Nilimpa Karimi karatasi hiyo mkononi. Mama yake hakujua kusoma. Jirani alimsomea, naye akafurahi kwamba mtoto wake amechaguliwa.

Sehemu za kuzimu tulizipigia picha Kianjokoma, katika jiko la mama mzazi wa Ireri, nyumba ya udongo iliyojaa masizi tangu wakati wa ukoloni. Nje kulikuwa na baridi ya mlimani na ukungu juu ya michai; ndani moshi ulitutoa machozi. Hamisi alifika na kuku wake mwenyewe kila Jumamosi, akawachinja kwa mkono wake nyuma ya zizi, maana hakula nyama iliyochinjwa na wengine, na Wawira akawapika kwa viazi. Kabla ya kuwasha kamera Hamisi alikuwa ananong'ona kumwomba Mungu amkinge na shetani aliyelaaniwa, kisha anafunga jicho moja na kusema kwa sauti, "Haya, Shetani, ingia!" Karimi aliangua kicheko kila mara, na kila mara ilibidi tuanze upya. Alikaa kati yetu wakati wa kula, akimpokonya Ireri mabawa ya kuku, na Wawira akamfuta mdomo kwa pembe ya leso bila kujua kwamba anafanya hivyo. Jioni moja, baada ya kurudi, nilisikia kupitia ukutani Wawira akisema, "Huyo mtoto akikwambia baba kwa mchezo, wewe unasikia aje?"  "Nasikia tu," Ireri akasema. "Kwani nifanye nini?"

Video ilionyeshwa siku ya soko, mchana, katika ukumbi uliokuwa ukitumiwa kwa mikutano. Jenereta ilinguruma nje, televisheni ikawekwa juu ya meza mbili zilizopandishana, watu wakajaa hadi madirishani. Sijawahi kusikia kicheko kama kile tena. Kamati ya maji ilipomchagua Shetani kuwa katibu, wanaume walipigana makofi mgongoni, na wengine wakageuka kumtazama Mzee Gicovi, aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Alitabasamu kwa midomo tu, kisha akatoka. Njue alikuwa kando yangu. Alicheka, akanitazama, akacheka tena, nami nikafikiri amechekeshwa na yule mwanamke wa majivu. Mama Karimi hakuwepo. Ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko ndiyo siku ya kuuza.

Mvua za vuli zilipoanza, Karimi akaugua. Ilianza na kichwa siku ya Jumatatu. Jumanne hakuweza kuinamisha shingo. Jumatano alfajiri walimbeba kwa mkokoteni hadi barabarani na akapata gari la kwenda hospitali. Alikufa Alhamisi. Madaktari walisema ni homa ya uti wa mgongo, na walisema kwa Kiswahili kinachoeleweka, lakini neno la daktari hufika kijijini likiwa limechoka. Lililotangulia kufika lilikuwa lingine: kwamba alimwita Shetani baba mbele ya umati, na Shetani akamwambia twende nyumbani. Watu wale wale waliokuwa wamecheka ndio waliokumbuka maneno hayo sasa, mmoja mmoja, kama mtu anayekumbuka kwamba siku ya ajali aliota vibaya. Ireri alienda kwenye mazishi. Alichukua koleo ili asaidie kufukia, kama wanaume wote, na Mama Karimi akainuka kutoka kwa wanawake waliomshika. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwalimu, acha udongo wa mtoto wangu. Wewe hukuwa na wako. Ulitaka wangu." Ireri aliweka koleo chini taratibu, akarudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, na niliposikia mlango wao ukifungwa sikusikia kitu kingine ukutani hadi asubuhi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walimwambia abaki. Wote tulibaki. Ilikuwa saa nane mchana, jua limetoka baada ya mvua, mabati yakilia juu yetu kwa joto, na nilikuwa nimekaa benchi la tatu, upande wa wanawake, na gauni nililolishona mwenyewe kwa kuwa wazazi wa Njue walikuwa wametaja nia ya kwenda kwetu Meru kuposa mwezi wa kumi na mbili. Mbele, chini ya mimbari, kulikuwa na gunia lenye kaseti za video ile ambazo Hamisi alikuwa amewauzia watu, zilizokusanywa nyumba kwa nyumba. Mzee Gicovi alisimama na Biblia aliyokuwa hajaifungua.

"Mwalimu, hii sauti iko kwa kaseti ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Uliita mtoto wa watu binti yako?"

"Niliita. Ilikuwa mchezo."

"Na ukamwambia mwende nyumbani. Nyumbani wapi?"

"Kwa hadithi, mzee, hao watu walikuwa wanarudi—"

"Sijauliza hadithi. Nimeuliza nyumbani wapi."

 Ireri aliyekuwa na jibu la kuchekesha kwa kila mtu, siku ile nilimwona akilitafuta jibu la kawaida tu na kulikosa. Mzee Gicovi akauliza yule mwanamke wa majivu ni nani, kwa kuwa hata yeye anafaa kutubu. Ireri akasema, "Huyo si wangu kumtaja. Kama yuko hapa atasema mwenyewe." Hakunitazama. Alitazama sakafu, na kulikuwa na kimya cha kutosha mtu kusimama, kunyoosha gauni, na kusema. Nilikihesabu kila kikohozi. Mbele yangu kulikuwa na mwanamke mwenye kitambaa cha maua, na hadi leo naweza kuyachora maua yale.

Kisha Mama Karimi akaja mbele. Alitoa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mimi niliambiwa ni mchezo wa shule," akasema. "Sikuambiwa ni mambo ya shetani. Kama ningejua ningekataa. Mwalimu aliniandikia uongo." Ireri akasema haraka, "Mama, mimi sikuandika barua yoyote. Nilituma mtu akueleze." Mzee Gicovi akampa Ireri karatasi. Nilimwona akiifungua. Alikuwa ameona mwandiko wangu mara nyingi, kiuno, paja, urefu, kwenye kile kitabu kilicholala mezani pangu siku zote. Alisoma maneno yale machache kwa muda mrefu, kama mtu anayesahihisha insha. Kisha akaikunja tena katika mikunjo ile ile, akamrudishia yule mama kwa mikono miwili. "Ni yangu," akasema. "Nisamehe, mama. Niliandika mimi."

Kanisa lilipumua. Kulikuwa na mtu nyuma aliyesema, "Si mliona?" na baada ya hapo hapakuwa na la kujadili. Walimtoa kwenye kwaya. Wazazi walisema watoto wao hawatakaa darasani mwake. Kaseti zilichomwa uani, na ule moshi wa plastiki ulikaa kwenye nguo zetu wiki nzima. Mimi nilirudi kwenye ploti nikalala chini ya sketi zangu na viatu miguuni. Jioni, kabla taa hazijawashwa, nilisikia sauti ya Wawira ukutani, karibu sana, kana kwamba ameweka paji la uso kwenye mbao.

"Alikuwa amekaa pale. Nilimwona. Amekaa tu."

"Wawira, huyo bado ni msichana," Ireri akasema. "Ako na maisha mbele."

"Karimi hakuwa na maisha mbele? Wewe huna?"

"Punguza sauti. Anasikia."

"Asikie."

Hakunigongea ukuta kwa mwiko tena. Siku ya nne mwenye ploti aliwaambia wahame, na pikapu ikaja kuchukua kitanda, kabati na viti viwili. Nilisimama nyuma ya mlango wangu hadi injini ilipotokomea. Iliwapeleka Kianjokoma, kwa mama yake, na Ireri hakufundisha tena. Nilisikia baadaye kwamba alichuma chai, akafuga ng'ombe wawili, kwamba hatimaye walijaliwa watoto, na kwamba alikuwa jirani mwema asiyesema sana. Hamisi aliondoa kituo cha Karurumo kwenye safari zake, kwa kuwa watu walianza kusema kwamba ni Mwislamu aliyewaletea jambo lile. Hata kamera aliiuza. Mimi niliolewa na Njue mwezi wa nne, kanisa lile lile, na Mzee Gicovi akatuombea kwa mikono yake juu ya vichwa vyetu. Tulihamia Meru. Nimezaa watoto watatu, nimekuwa na kibanda, nimekuwa na shughuli. Siwezi kudai kwamba nilimfikiria Ireri kila siku. Kuna miaka sikumfikiria hata kidogo, na nadhani hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi ya habari hii.

Sasa nirudi kwenye Ijumaa ya mazishi. Asubuhi nilimwambia Njue kwamba naenda kumzika mtu niliyepanga jirani naye zamani. Alikuwa anapaka dawa kwenye goti. Akasema, "Nenda. Ungeenda mapema." Nikauliza ana maana gani. Aliendelea kusugua goti. "Gakii, ile siku ya video nilikujua ulipotembea tu. Hakuna mwingine anatembea hivyo."  Nikamwuliza kwa nini hakusema miaka yote hii, naye akashangaa kweli. "Nilifikiri hutaki nijue. Kwani ungekuwa umesema, ningekuacha? Baba angekasirika. Angekasirika, halafu angetulia." Akafunga chupa ya dawa. Niliketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyangu vya mazishi mkononi, nikatazama jinsi maisha ya mtu yalivyouzwa kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikidai.

Kianjokoma kulikuwa na manyunyu. Mahema mawili, viti vya plastiki, kijana wa kuendesha shughuli mwenye kipaza sauti na koti kubwa kumshinda. Nilikuwa nimeandika maneno. Nilikuwa nimejiambia kwamba wakiita marafiki nitasimama. Walisema marehemu alikuwa mkulima mwenye bidii, baba wa watoto wawili, mcha Mungu. Walipofika kwenye kazi walisema "alifundisha kwa muda mfupi" wakapita. Kisha mvua ikazidi, na yule kijana akasema, "Kwa sababu ya hali ya hewa, marafiki mtatusamehe, twende kaburini." Karatasi yangu ikabaki mkobani. Baada ya kuzika, watu wakipanga foleni ya chakula, nilimwona Wawira peke yake chini ya hema, blanketi mabegani, nywele nyeupe kabisa. Nilipiga magoti mbele yake kwenye tope kwa kuwa sikujua namna nyingine.

"Inuka, Gakii," akasema. "Watu watauliza."

"Wawira, ile barua—"

"Mimi usinieleze. Mimi nilijua siku hiyo hiyo. Yeye alijua." Aliongea bila hasira, kama mtu anayeelekeza njia. "Mama Karimi yuko hai. Yuko pale pale Karurumo. Mpaka leo anajua ni Ireri alimdanganya. Huyo ndiye hajaambiwa." Nikasema nitaenda. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ulisema utaenda siku ile pia," akasema.

Nilishuka Karurumo siku ile ile, saa kumi jioni. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye kigoda, akipukuchua maharagwe kwa vidole vinavyoona, maana macho yalikuwa yamekwisha. Nilimwambia jina langu, kisha nikamwambia kwamba Mwalimu Ireri amezikwa leo. Alisema, "Nilisikia." Basi nikasimama pale na kumwambia yote: kwamba nilitumwa nije nimweleze na sikuja, kwamba karatasi niliiandika mimi kwa kalamu yangu, kwamba Ireri aliitambua kanisani na akaibeba, kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwanamke wa majivu na nilikuwa benchi la tatu. Vidole vyake havikusimama. 

"Nilimfukuza kwa kaburi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa ameshika koleo." Akatikisa kichwa.  Kuku walikuja, wakaenda. Nilingoja anifukuze mimi. Badala yake akasema, "Mimi sikuiona hiyo video. Siku hiyo nilikuwa kwa soko. Halafu wakachoma zote, wakaniambia ni kwa ajili yangu. Niambie alifanya nini huko ndani."

Nikaketi chini. Nikamwambia tangu mwanzo: jinsi Karimi alivyoingia akitembea na mikono nyuma, jinsi alivyopeleka matokeo ya nambari thelathini na nane kwa fahari kama mtu wa kwanza, jinsi alivyocheka kila Hamisi alipowasha kamera tukaanza upya. Nilimwambia kuhusu mabawa ya kuku. Nilimwambia nguo aliyovaa, kwa kuwa niliishona, rangi na vipimo vyake. Alinisimamisha mara kwa mara na kuniambia nirudie hapo, nami nikarudia. Kisha akauliza, "Na sauti? Alikuwa anaongea na sauti gani?"

Nikafungua mdomo niigize. Nilijua maneno yake yote hadi leo, lakini nilipoyatafutia sauti haikuja, ilikuja ya binti yangu mwenyewe, kisha ya mjukuu, kisha hakuna. Nilikuwa nimeshamdanganya mwanamke yule mara moja. Nikasema, "Siikumbuki, mama."

 Akasogeza beseni la maharagwe hadi likagusa goti langu.

"Hata mimi," akasema.